Muguu Uliokohoa

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi, njo taabu ilinikamata, na haikuniachia upesi. Baba yangu alikuwa mubeba mizigo kwenye bandari ya Kalemie. Gunia la saruji likamuvunja mugongo, akalala kitandani, na mimi nikatoka shule darasa la tatu, hesabu ya kugawanya ikiwa katikati. Mpaka leo kugawanya kunanishinda. Kuzidisha najua.

Ninaanza na hayo ili ninyi vijana wa labo, muliosoma Lubumbashi na Bukavu, musiseme muzee amewaficha kitu. Niliingia hospitali na ufagio mukononi. Nilifagia miaka minne, nikaosha vyupa miaka sita, halafu nikakaa mbele ya mikroskopi miaka ishirini na nane. Diplomi sina. Niko na macho.

Na kazi yangu ilikuwa makohozi. Chekeni, kila muntu anacheka. Siku tulipopeleka barua ya uchumba, shangazi wa muke wangu aliuliza mbele ya watu wote, “Huyu kijana anafanya kazi gani?” Mujomba wangu akajibu kwa heshima yote, “Iko anaangalia makohozi ya watu, ndani ya kioo.” Shangazi akaiangalia mikono yangu, akasema, “Na akimaliza, ananawa?” Muke walinipa. Lakini nilinawa kwanza mbele yao, kwa sabuni, mara mbili.

Kabla sijafika kwenye habari yenyewe, sikilizeni. Mate si makohozi. Mugonjwa atakuletea mate kwa sababu mate ni rahisi. Mate yana povu, na ukiinamisha kikopo yanakimbia. Makohozi yanatembea polepole, kama muntu anayejua anakokwenda. Ukiyataka, mwambie mugonjwa aamke, asukutue mudomo kwa maji matupu, asile kitu, avute pumzi mpaka tumboni mara tatu, halafu akohoe kutoka chini kabisa. Na umutoe mbele ya wakwe zake. Nimeona wanawake wakimeza makohozi kwa heshima ya baba mukwe aliyeketi kwenye benchi, na sisi tukaandika “hakuna ugonjwa”, kumbe ugonjwa umemezwa.

Asile kitu, nimesema. Mwaka wangu wa pili kwenye mikroskopi nilimukimbilia Mama Apolina, shefu wa labo yetu, nikipiga kelele kwamba nimeona kitu cha kutisha, kikubwa, chenye kuta nene kama nyumba. Mama Apolina alikuwa Mutabwa wa Moba, mufupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na hakuwa muntu wa kukimbia. Akaja, akainama, akaangalia.

“Papa Kabwe, mugonjwa huyu alikula nini asubuhi?”

“Sijui, Mama.”

“Mimi najua. Sombe.” Akarudi kwenye kiti chake. “Mwambie dokta muhogo iko mugonjwa sana.”

Wiki nzima waliniita Dokta wa Mihogo. Lakini siku ile aliniambia neno ambalo ningelishika lote, leo nisingekuwa na habari ya kuandika: “Unachofikiri, weka mufukoni. Unachoona, andika.” Nililishika nusu. Nusu iliyobaki ilimuumiza muntu mwingine, siyo mimi.

Aliitwa Wilondja. Alikuwa Mubembe, aliyeshuka kutoka upande wa Fizi na muke wake na watoto watatu, akafanya biashara ya ziwa: sabuni na mafuta kwenda kule, samaki wa chumvi kuja huku. Kanisani alikuwa shemasi, na kwenye kwaya aliimba sauti ya chini, ile inayotetemesha benchi. Alipokuja kwetu sauti ilikuwa imebaki. Pumzi njo ilikuwa imekwenda. Radio ya kifua, ile picha ya eksirei, ilionyesha mambo ya mviringo, mengi, kama muntu ametupa machungwa ndani ya mapafu. Dokta wetu, kijana muzuri mwenye haraka, akasema ni kifua kikuu. Hapa kwetu kila kikohozi kirefu ni kifua kikuu mpaka kionyeshe kitambulisho kingine.

Makohozi yake niliyasoma mimi. Mara tatu. Kwa wale musiojua kazi hii, kifua kikuu tunakitafuta hivi: unapaka makohozi kwenye kioo, unayaacha yakauke, unapitisha kioo juu ya moto, moja, mbili, tatu, unatia rangi, halafu unatafuta fimbo ndogo nyekundu, njo wadudu wenyewe, kwenye uwanja wa bluu. Fimbo hazikuwepo. Nikaandika “hakuna”. Ile mashine mupya inayojibu kwa saa mbili, nayo ikasema hakuna. Lakini dokta alimupa dawa za kifua kikuu miezi sita, kwa ajili ya ile radio, na kwa kuwa hakuwa na jina lingine la kumupa.

Sasa, kwenye uwanja wa bluu kulikuwa na kitu. Kulikuwa na weusi. Seli kubwa, zimejaa vumbi la kahawia lililokolea mpaka likawa jeusi. Niliziona mara zote tatu. Nikasema moyoni: huyu ni muntu wa samaki, huo ni moshi. Kila muchoma samaki wa pwani hii anakohoa moshi, tumeuona mara nyingi. Tena fomu iliniuliza habari ya fimbo tu, habari ya weusi haikuniuliza. Nikafunga kaye yangu, daftari la matokeo, nikaenda kula.

Hapo njo kosa la kwanza. La pili linakuja, na lilikuwa baya kuliko hilo.

Nyumbani kwa Wilondja mambo yalikuwa hivi. Mukubwa wake, yaani kaka yake, Papa Etabo, alikuwa amemujengea kibanda nyuma ya nyumba siku ile ile neno “kifua kikuu” lilipotamkwa. Sahani yake ilipakwa rangi nyekundu ukingoni, na kikombe vilevile, visije vikachanganyika na vya watu wengine. Katikati ya nyumba na kibanda kulikuwa na jiwe. Binti yake mudogo, Neema, wa miaka sita, alikuwa anabeba sahani, anaiweka juu ya jiwe, na kurudi mbio. Baba alisimama kwenye mulango wa kibanda, akingoja mutoto afike mbali, njo aende kuchukua chakula chake. Miezi sita hivyo. Muke wake, Mama Neema, aliniambia baadaye kwamba mutoto alianza kuhesabu hatua zake, asikose hata moja.

Dawa zikaisha, muntu akazidi kukonda. Dokta akasema basi hii ni kifua kikuu sugu, ile isiyosikia dawa. Ataanza dawa kali, miezi mingine mingi, peke yake. Wilondja akaja labo kutoa makohozi ya mwisho kabla ya hizo dawa. Aliketi kwenye benchi la nje, akaniita.

“Papa Kabwe, niambie wewe. Wewe njo unaona mambo yangu ya ndani kuliko muke wangu.”

“Sioni kitu, Papa.”

“Basi angalia vizuri. Kufa, nitakufa, kila muntu anakufa. Lakini sitaki kufa watoto wakiniangalia kutoka mbali kama mbwa mwenye kichaa.” Akacheka, kikohozi kikamukata. “Hata mbwa, Papa, muntu anamutupia mufupa kwa mukono wake.”

Nikaingia ndani na kikopo chake, nikatengeneza kioo, nikaangalia. Weusi ulikuwepo, mwingi kuliko zamani. Safari hii nilikibeba kile kioo kwa mikono miwili nikakipeleka kwa Mama Apolina.

“Mama, huu ni moshi?”

Aliangalia mpaka nikachoka kusimama. “Anachoma samaki?”

Nikafungua mudomo kusema ndiyo. Nikaufunga. “Hapana. Anauza wa chumvi.”

“Anavuta tumbako?”

“Ni shemasi.”

“Mashemasi wangapi wanavuta!”

“Huyu havuti, Mama. Na muke wake anapikia nje.”

“Basi moshi uliingia wapi?” Akaniangalia. “Weusi huu uliuona lini mara ya kwanza?”

Nikamwambia. Hakunitukana. Alivua miwani, akaifuta kwenye kitambaa, akaivaa tena. Afadhali angenitukana.

“Mwite,” akasema. “Avue viatu.”

Zamani Mama Apolina alikuwa amekaa miezi minne Lubumbashi, kwenye labo ya kupima kansa. Huko njo alijifunza kwamba kuna kansa moja ya ngozi inayobeba weusi wake ndani yake, na kwamba kwetu sisi watu weusi inapenda kuanzia pale ambapo weusi wetu ni kidogo: chini ya nyayo, kwenye kiganja, chini ya ukucha. Mimi hayo sikuyajua. Nilisimama tu pale nikishangaa mwanamuke wa makohozi anataka kuona miguu.

Wilondja akavua. Kisigino cha kushoto kilikuwa nusu. Kovu lilikuwa limeng'aa kama kigae.

“Papa, muguu huu?”

“Ah, hiyo ni ya zamani, Mama. Alama nyeusi ilikuwa hapo, nikasema labda ni musumari wa mutumbwi. Ikatoa kidonda. Walinikata huko kaskazini, sasa miaka mitatu, ikapona. Mimi nakohoa, Mama. Muguu sijaulalamikia.”

Na nani angemuuliza? Muntu anakohoa, utauliza muguu? Miezi sita alipita mbele yetu akichechemea, na sisi wote tulimuangalia kifua.

Vijana, mimi nimeona mambo mengi kwenye kioo. Nimeona minyoo ikigeuka, nimeona malaria ikikaa ndani ya damu kama pete yenye jiwe. Lakini Mama Apolina aliponieleza siku ile, nywele zilinisimama, na ingawa leo zimenipungua, zilizobaki bado zinasimama. Seli moja tu, ndogo kuliko chochote unachoweza kusema ni kidogo, inatoka kwenye kisigino kabla kisu hakijafika. Inaingia kwenye damu. Inapanda goti, inapanda paja, inapita ndani ya moyo wenyewe, na moyo haujui umefungulia nani mulango. Inafika kwenye mapafu, inakwama, inakaa, inazaa. Hata huko ugenini inaendelea kutengeneza weusi wa ngozi, gizani, ambako hakuna jua la kuzuia. Halafu asubuhi moja muntu anakohoa, na muguu wake unamutoka mudomoni.

“Tunaona weusi,” Mama Apolina akasema. “Kansa hatujaiona. Wa kuiona yuko Lubumbashi.” Siku ileile alikuwa anasafiri kwenda Moba kwa kilio. Akaniachia kazi. “Vioo vinne. Ndani ya alkoli, mara moja. Umenisikia?”

“Nimesikia, Mama.”

Na nilisikia. Masikio yalisikia. Nilipaka kioo cha kwanza vizuri sana, nikakiweka kikauke, nikawasha taa ya alkoli, nikakipitisha: moja, mbili, tatu. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Kisha nikavitia kwenye chupa ya alkoli, nikafunga kwa plasta, nikampa muntu mumoja aliyekuwa anapanda treni. Nilijisifu. Nilisema hata hao wa Lubumbashi watauliza nani ametengeneza vioo hivi.

Treni ya kwetu munaijua. Ilifika Kabalo ikapumzika kama muntu aliyefika kwa shemeji. Wiki zikapita. Wilondja kwenye kibanda, Neema kwenye jiwe. Dokta alikuwa amekubali kungoja kabla ya kuanza zile dawa kali, lakini kila wiki alinipitia: “Papa Kabwe, bado?” Bado. Jibu lilipofika lilikuwa mistari miwili: seli zimekauka na kuungua, hazisomeki, rudieni.

Mama Apolina aliisoma, akanipa niisome mwenyewe.

“Umepika ushahidi, Papa Kabwe.”

“Mama, mukono umezoea...”

“Mukono wako uko na miaka mingi ya kifua kikuu. Sikuuambia mukono. Nilikuambia wewe.”

Andikeni hili ndani ya kaye zenu, na mupige mustari chini. Mududu wa kifua kikuu amevaa koti la nta; ukaushe, uchome, bado atabaki vile alivyo. Seli ya kansa iko uchi. Ni kama ndagala. Muangalie ndagala aliyekauka juani, niambie majini alikuwa anageukaje. Huwezi. Na wa Lubumbashi anaitambua kansa kwa umbo tu: kiini kilivyo kikubwa, kilivyo kibaya, mbegu zilivyo ndani yake. Ukikausha, umefuta uso wa mwizi. Desturi njema ya kazi moja njo uharibifu wa kazi nyingine, na mukono mwenye uzoefu haukuulizi ni kazi gani leo.

Asubuhi iliyofuata sikumungoja Wilondja aje. Nilibeba vioo, chupa ya alkoli, na vile vibanio vya karatasi tunavyoviita trombone, nikaenda kwake jua likiwa bado chini ya ziwa. Alikuwa ameketi kwenye mulango wa kibanda. Nilimwambia kabla ya salamu kuisha.

“Papa Wilondja, vile vioo vya kwanza nilivyotuma, viliharibika. Niliviharibu mimi. Nilivichoma kwa moto. Wiki zote hizi ulizongoja, ni za kwangu.”

Pale kwenye nyumba Neema alitoka na kikombe cha ukingo mwekundu, akakishika kwa mikono miwili, midomo yake ikihesabu. Akakiweka kwenye jiwe. Akarudi mbio. Baba yake akamutazama mpaka mulango ulipomumeza.

“Basi leo usivichome,” akaniambia.

Akasukutua, akavuta pumzi, akakohoa. Niliweka ubao kwenye magoti, nikatafuta kwa kijiti ile sehemu yenye kijivu, yenye uzi wa damu, yenye weusi. Usichukue mahali pazuri, chukua mahali pa kutisha. Ponda kidogo katikati ya vioo viwili, vuta, na kabla hujapumua, kioo kiwe ndani ya alkoli, kikiwa kibichi. Trombone unabana kwenye kioo kimoja ndiyo kimoja hapana, visigandane mugongo kwa tumbo. Mukono wangu wa kulia uliinuka wenyewe, nikaushika kwa wa kushoto. Ulikuwa unatafuta moto.

“Unaogopa nini?” Wilondja akauliza.

“Mukono wangu.”

“Mukono wa muntu muzima unamushinda mwenyewe! Wewe ulioa namna gani?”

Asubuhi tatu nilikwenda. Siku ya tatu alinitania kwamba wanunuzi wote wa Kalemie wanamufuata kwa samaki, mimi peke yangu ninamufuata kwa makohozi, na sitoi hata bei.

Safari hii vioo vilipanda ndege, kwenye sakoshi ya muntu wa parokia, na nilimwambia akivikalia nitajua. Jibu lilirudi, pamoja na vioo vyenyewe, vimetiwa rangi. Dokta alitusomea sisi watatu, Wilondja, Mama Apolina na mimi, mulango umefungwa. Seli za kansa. Zina weusi wa ngozi. Zimetoka kwenye ule muguu.

“Papa,” dokta akasema, “nilikupa jina ambalo si lako miezi sita. Unisamehe. Na hii, hapa kwetu, sina dawa ya kuiondoa. Nitakupunguzia maumivu na kukusaidia kupumua. Sitakudanganya.”

Nilingoja Wilondja alie. Aliegemea mbele.

“Inaambukiza?”

“Hapana.”

“Hata kidogo?”

“Hata mukila sahani moja. Hata mutoto akilala kifuani kwako.”

“Andika hivyo, Dokta. Na piga kashe, muhuri wa hospitali. Mukubwa wangu haamini maneno ya mudomo, anaamini kashe.”

Dokta akaandika. Akapiga kashe, akapiga na ya pili. Wilondja alikunja karatasi akaitia kwenye mufuko wa shati, halafu akanigeukia. “Na sasa ninataka kuiona.”

Dokta akamuangalia Mama Apolina. Mama Apolina akasema, “Ni ya kwake.”

Nikamukalisha kwenye kiti changu, ambacho miaka yote hakuna mugonjwa aliyekikalia. Nikamuonyesha namna ya kufunga jicho moja. Nilisogeza kioo mpaka zikafika katikati: kundi la seli, kubwa, zimetiwa kijani na waridi na wale wa Lubumbashi, na ndani yake lile vumbi la dhahabu linalokolea kuwa usiku.

Akashika meza kwa mikono miwili, jicho likiwa kwenye kioo. Hata kikohozi kilimuachia.

“Njo hii?”

“Njo hii, Papa.”

“Imetoka kwenye kisigino changu.”

“Imetembea.”

“Ni nzuri,” akasema taratibu, kama muntu aliyeambiwa siri kanisani. “Papa Kabwe, ni nzuri! Mungu wangu. Nilifikiri nitaona kitu kibaya.” Na kweli ilikuwa nzuri. Nimekaa mbele ya kioo hicho mara nyingi baada ya siku ile, na sijapata neno lingine. Kitu kinachoua kinaweza kuwa na rangi kama alfajiri ya ziwani, na hakina hasira na wewe. Hakikujui.

Musije mukadhani kila makohozi yatawajibu hivyo. Nikiwadanganya hapa, mutadanganya wagonjwa. Kansa inayokuja mapafuni kutoka mbali mara nyingi inakaa kwenye nyama, mbali na njia za hewa, na muntu anaweza kukohoa mwaka mzima isitoke hata seli moja. Hii ya Wilondja ilikuwa imetoboa mpaka ikafika kwenye bomba, njo tuliiona. Baada yake tulituma vioo vya wengine wengi, na wengi vilirudi kimya, na baadhi ya hao wenye vioo kimya walikufa kwa kansa ileile tuliyoitafuta. Kwa hiyo musiandike “hakuna kansa”. Andikeni “hatukuona”. Tofauti ya maneno hayo ni muntu muzima.

Wilondja aliniomba nimusindikize nyumbani. Papa Etabo alikuwa uani. Mama Neema alikuwa anasonga bukari kwenye jiko la nje. Mimi wa darasa la tatu njo nilisoma karatasi kwa sauti, neno kwa neno, na mahali pagumu nilirudia. Papa Etabo aliichukua, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwangaza.

“Kashe ni ya kweli?”

“Nimeona ikipigwa.”

“Mbona ni mbili?”

“Moja ni ya ugonjwa,” Wilondja akasema. “Ya pili ni yako wewe.”

Papa Etabo hakucheka. Akasoma tena, midomo ikitembea. “Kwa hiyo ndugu yangu atakufa.”

“Ndiyo, Papa,” nikasema.

“Na sisi hatungeambukizwa kitu. Tangu siku ya kwanza.”

“Tangu siku ya kwanza.”

Aliangalia kibanda. Alikuwa amekijenga kwa siku moja, na kwa upendo, tusimuhukumu. Alikuwa akiwaokoa watoto. Akaketi chini kwenye muchanga, muntu muzima na koti lake, akafunika uso.

Mama Neema alichukua sahani kubwa ya nyumba, akaangusha bukari yote humo, samaki mukebuka juu yake, akaiweka kwenye mukeka. Wilondja akabaki amesimama kando ya kibanda, kwa mazoea, kama bado hajaruhusiwa. Neema aliona chakula kimeiva. Yeye hakuelewa karatasi. Akachukua sahani yenye ukingo mwekundu, tupu, akaanza safari yake, midomo ikihesabu, mpaka kwenye jiwe. Akainama kuiweka.

“Neema,” baba yake akasema. “Pita jiwe.”

Mutoto akasimama. Akamuangalia mama yake. Mama yake akainua kidevu kidogo, hivi.

Akapita jiwe. Hatua ya kwanza polepole, akiangalia chini, kwa sababu hatua za upande ule hakuwa amezihesabu. Halafu akakimbia, na sahani ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.

Wilondja aliishi mpaka mvua za kwanza. Miezi minne. Alikula na watoto wake kila siku aliyoweza kula, na siku ambazo hakuweza, alikaa mukekani akawaangalia wakila kwa karibu. Kile kibanda Papa Etabo alikibomoa kwa mikono yake kesho yake asubuhi.

Mama Apolina amekufa. Mimi nilipumzika kazi mwaka jana. Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, bati zima. Shamba la muhogo kwenye njia ya kwenda Bendera. Mbuzi wanne. Baiskeli moja, ya pili iliibiwa. Muke wangu, na watoto watano, wote walimaliza shule, na mumoja anajua kugawanya kuliko mwalimu wake. Miwani miwili, ya mbali na ya karibu. Mikroskopi ya zamani ya kioo cha jua, ambayo hospitali iliitupa na mimi nikaiokota. Na kigoda kimoja kisichokaa kwangu: kiko kwa Mama Neema, kila Noeli ninakikalia, na tunakula sahani moja.